Daftari la Msitu wa Mbizi

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Yamkini waliwafikiria wenye maduka na wenye ng'ombe. Leo tuyaazime maneno yao kwa ajili ya msitu.

Juu ya mji wa Sumbawanga, mahali ambapo uwanda wa Ufipa huinuka kabla ya kuporomoka katika bonde la Ziwa Rukwa, ipo milima ya Mbizi, ipitayo mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Uwanda wenyewe una nyasi nyingi na miti michache, hata msitu wa Mbizi ukawa mfano wa kisiwa. Vijito vyake huunywesha mji. Ndani yake huishi mbega wekundu, ndugu wa wale waonekanao Gombe, Mahale na Kibale huko Uganda. Mnyama huyu hula majani na huishi juu ya miti. Akikatiwa msitu wake, hana njia rahisi ya kuvuka mbuga na kutafuta mwingine. Mwaka 1984 wataalamu Rodgers, Struhsaker na West walichapisha taarifa juu ya mbega wa Mbizi, na leo aina hiyo imo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka duniani.

Je, wanyama wa msitu huhesabiwaje, nao hawapangi foleni kama ng'ombe wanaoingia joshoni?

Kwanza hapana budi tutenganishe maswali mawili: zipo aina ngapi, na kila aina ina wanyama wangapi? Tuseme misitu miwili ina aina 10 na wanyama 100 kila mmoja. Katika msitu wa kwanza kila aina ina wanyama 10. Katika wa pili panya ni 91, na kila aina iliyobaki ina mnyama mmoja tu. Kwa hesabu ya haraka misitu hiyo ni sawa. Kwa kweli wa pili umekwisha kufilisika.

Wahesabuji huchora mistari iliyonyooka msituni, wakaifuata tangu alfajiri kwa mwendo wa pole, yapata kilometa moja kwa saa. Wakimwona mnyama huandika aina yake, idadi, na umbali wake kutoka kwenye mstari. Umbali huo ndio siri ya kazi: aliye mbali hukosekana kwa urahisi, na kwa kulinganisha umbali mwingi hukadiriwa wale ambao macho hayakuwaona. Kundi la mbega huhesabiwa vizuri zaidi linaporuka mwanya kati ya miti miwili, mmoja baada ya mwingine. Komba hutafutwa usiku kwa kurunzi, kwa kuwa macho yake hung'aa. Panya hunaswa wazima kwa chambo cha karanga, na kirukanjia hutumbukia katika ndoo zilizofukiwa ardhini. Kwa wanyama wenye haya hufungwa mtini kamera inayojifyatua yenyewe joto la mwili linapopita mbele yake. Lakini tahadhari: picha 20 za ngawa si ngawa 20, huenda ni mmoja mwenye kupenda njia ile.

Tena wapo wazee wetu. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa Mlima Rungwe walisikia kwa wawindaji habari za nyani aitwaye kipunji. Waliyafuata maneno hayo, wakamwona kwa macho, na mwaka 2005 ulimwengu wa sayansi ukatangaziwa aina mpya. Kwa wenyeji hakuwa mpya hata kidogo.

Hapa ndipo tunapotaka kusema na kila nyumba iliyo karibu na msitu. Mgeni mwenye daftari akija kuuliza, aliyewahi kutega mitego aghalabu hujibu, "Sijaona kitu," kwa kuogopa kukamatwa. Jibu hilo huingia katika hesabu, nayo hesabu ikapotoka. Kwa upande wao, wahesabuji wana wajibu wa kueleza wamekuja kwa kazi gani, na kutowageuza wenyeji kuwa washitakiwa.

Mwisho, hesabu ya mara moja haisemi kama wanyama wanaongezeka au wanapungua. Sharti irudiwe kwa njia ile ile, katika mistari ile ile, na siku ambayo hakuonekana mnyama nayo iandikwe.

Wazazi, wapeni watoto daftari. Waandike tarehe, saa, mahali, mnyama na idadi, bila kutia chumvi. Moto ukipanda mlimani au shoka likalia usiku, wataijua hasara yake, kwa kuwa walijua kilichokuwapo.