Mchezo Ukigeuka Ajira

Yapo mambo ambayo, kwa kuwa yanaonekana madogo, hatujisumbui kuyatafutia sababu. Mojawapo ni hili la kijana ambaye mwaka juzi alikuwa haambiliki kwa ajili ya mchezo wake wa video. Akiitwa kula hasikii. Akiambiwa alale, hujifunika shuka na kuendelea kucheza kwa siri. Leo mchezo uleule anaufungua, anautazama dakika tano, kisha anaufunga. Hakukatazwa na mtu. Amechoka nao tu. Wazazi humshukuru Mungu na kusema, "Sasa amekua." Mwalimu naye hufurahi kwamba kijana atashika vitabu. Na mazungumzo hukomea hapo.

Lakini je, ni kweli kwamba amekua? Swali hili lastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, hasa na watu ambao kazi yao ni kufundisha na kuongoza wengine. Mtu kupoteza hamu ya kitu alichokipenda kwa moyo wote si jambo la kupuuza, hata kama kitu chenyewe ni mchezo. Na njia inayopita hamu hiyo wakati wa kuondoka ndiyo njia inayoweza kupita hamu ya kusoma darasani na hamu ya kutumikia ofisini.

Majibu yaliyozoeleka ni matatu. La kwanza ni umri na shughuli: mtu akipata kazi, mke na watoto, hana tena saa tano za kukaa mbele ya kioo. La pili ni kwamba mchezo umemalizika kichwani mwake. Mtunzi mmoja wa michezo hii nchini Marekani, Raph Koster, alichapisha kitabu mwaka 2004 akieleza kwamba raha ya mchezo ni raha ya kujifunza. Akili ikishaielewa kanuni iliyojificha ndani ya mchezo, haina tena cha kutafuta, na ndipo uchovu huingia. La tatu ni kuondoka kwa wenzi. Mchezo uliochezwa na marafiki sita hauwi mchezo uleule wakibaki wawili.

Majibu yote matatu yana ukweli wake. Hata hivyo, hayaelezi jambo moja la ajabu, nalo ni hili: wapo wachezaji wengi ambao raha imewaisha, lakini mchezo hawajauacha. Kila siku huufungua kwa saa ileile, hutimiza yaliyoagizwa, huchukua zawadi ya siku na kuondoka bila kutabasamu. Mtu wa namna hiyo hakosi muda, maana anautoa kila siku. Wala hakumaliza kujifunza akaondoka, maana bado yupo. Ukimwuliza kwa nini anaendelea, atakwambia kwamba akiacha leo atapoteza alichokusanya tangu jana. Hilo ni jibu la mtu aliye kazini, tena kazini asipopapenda.

Ili tuone jinsi mchezo unavyofika huko, tuuchukue mmoja uliojulikana duniani kote. Mwezi wa Novemba 2004 kampuni ya Blizzard ya Marekani ilitoa mchezo uitwao World of Warcraft. Watu walioketi nyumbani kwao katika nchi mbalimbali waliingia kwa njia ya intaneti katika ulimwengu mmoja wa kubuni, wakatembea, wakapigana na mazimwi na kuunda vyama vyao. Kwa miaka ile ya mwanzo, zimwi kubwa lilihitaji watu 40 walioelewana kuliangusha. Wachezaji wengi wa wakati huo hukumbuka zaidi wale watu 40 kuliko zimwi lenyewe. Mwaka 2010 kampuni ilitangaza kwamba waliolipia mchezo huo walikuwa wamezidi milioni 12.

Sasa tazama upande wa pili. Mchezo ule ulilipiwa kila mwezi, na kwa hiyo faida ya kampuni ilitegemea mchezaji asiondoke. Raha peke yake haiaminiki kwa kazi hiyo, kwani raha huja na kwenda. Mwaka 2007 zikaongezwa kazi za kila siku: mchezaji aue wanyama kadhaa, achukue malipo yake, na kesho arudi kuua idadi ileile. Aidha, kila baada ya miaka miwili hivi kilitolewa kipande kipya cha mchezo, na silaha zilizopatikana kwa miezi mingi ya jitihada zikapitwa kwa ubora na silaha ambazo mgeni yeyote aliweza kuziokota katika siku za mwanzo za kipande hicho. Waliokuwa wakicheza kwa ajili ya urafiki na ushindi hawakupoteza kitu. Waliokwisha kufundishwa kucheza kwa ajili ya mali waliona kwamba mali yao imefutwa kwa usiku mmoja, na kwamba sasa wanatakiwa waanze upya. Wachezaji wanaosema Kiingereza wana neno lao kwa kazi hii ya kurudiarudia: huiita "kusaga". Hakuna mtu anayesema kwamba anasaga huku akiwa na furaha.

Jambo hili halikuanza na kompyuta. Mwaka 1973 wataalamu watatu wa elimu ya nafsi, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walitoa matokeo ya uchunguzi walioufanya katika shule ya watoto wadogo ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Waliwachagua watoto waliokuwa wakipenda kuchora kwa hiari yao. Kundi la kwanza liliahidiwa cheti kizuri chenye utepe iwapo wangechora. Kundi la pili halikuahidiwa kitu, ila baada ya kuchora lilipewa cheti kilekile kwa ghafla. Kundi la tatu halikuahidiwa wala halikupewa. Wiki moja au mbili baadaye, kalamu ziliwekwa tena darasani, bila cheti wala ahadi. Watoto wa kundi la kwanza walichora kwa takriban nusu ya muda waliochora wenzao wa makundi mengine.

Yafaa tutue hapa tufikiri. Watoto wale hawakuadhibiwa; walitendewa wema. Lakini ile ahadi iliwafundisha somo ambalo hakuna aliyekusudia kuwafundisha, kwamba kuchora ni kitu cha kufanywa kwa malipo. Malipo yalipoondoka, yaliondoka na sababu ya kuchora. Angalia vilevile kwamba cheti hakikuwa na kosa: waliopewa bila kuahidiwa hawakuharibikiwa. Kilichoharibu ni mapatano yaliyotangulia.

Watengenezaji wa michezo ya siku hizi wamelichukua jambo ambalo kwa mwalimu ni onyo, wakaligeuza kuwa biashara. Mwezi wa Juni 2009 kampuni ya Zynga ilitoa FarmVille, mchezo wa kulima shamba la kubuni ndani ya Facebook. Mazao yaliiva baada ya saa zilizopangwa, na mchezaji asiporudi kwa wakati yalinyauka. Mkulima wa kweli anaijua hofu hiyo, naye hana budi kuivumilia kwa sababu mwisho wake ni chakula. Mkulima wa FarmVille aliamka usiku kwa ajili ya mahindi ambayo hakuna mtu angeyala. Kwa muda watu kwa makumi ya milioni walicheza. Kisha wakapungua mwaka hadi mwaka, mpaka mchezo ule wa Facebook ulipofungwa tarehe 31 Desemba 2020.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa Axie Infinity, mchezo wa kampuni ya Sky Mavis iliyoanzishwa nchini Vietnam. Humo mchezaji hupiganisha vinyama vya katuni, na enzi zile ushindi ulilipwa kwa sarafu ya kidijitali iliyoweza kuuzwa kwa fedha halisi. Wakati wa janga la Korona, wananchi wengi wa Ufilipino waliopoteza vipato vyao waliingia humo ili wapate kula. Kuanza kulihitaji vinyama vitatu, na katikati ya mwaka 2021 bei yake ilikuwa mamia ya dola. Asiyekuwa na fedha aliazimwa vinyama na mwenye navyo, akacheza, kisha wakagawana mapato. Msomaji atautambua mpango huo mara moja: ni ule wa mwenye shamba na mkulima asiye na ardhi, umehamishiwa ndani ya simu. Mwishoni mwa mwaka 2021, kwa hesabu ya kampuni yenyewe, wachezaji wa kila siku walizidi milioni mbili. Lakini sarafu ile, iliyowahi kuuzwa kwa zaidi ya senti 30 za dola mwaka 2021, ilishuka mwaka 2022 mpaka chini ya senti moja. Machi 2022 wezi wa mitandaoni wakaiba mali ya zaidi ya dola milioni 600 katika mfumo wake. Wachezaji wakaondoka kwa makundi. Na kwa nini wasingeondoka? Waliitwa kwenye ujira. Ujira ulipokwisha hapakuwa na cha kuwabakiza.

Atatokea msomaji wa kunipinga, naye ana haki. Atasema: mbona kila mchezo una alama na ushindi? Mpira wa miguu una magoli. Mashindano yana vikombe. Je, navyo vinaua raha?

Jibu linapatikana barazani. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mtu aliyelijua ujanani hulicheza mpaka mvi zimjae, na alasiri moja ya Zanzibar inatosha kukuonyesha wazee waliozunguka ubao huku wakitaniana juu ya mtu aliyeshindwa. Ushindi upo, tena unatafutwa kwa juhudi kubwa katika namua na katika mtaji. Lakini mchezo ukimalizika, kete hupangwa upya na wote wawili huanza wakiwa sawa. Aliyeshinda jana hana kete ya akiba leo. Asiyefika juma zima hakuti kete zake zimenyauka. Hakuna anayepata faida kwa kumfanya mzee yule aogope kukosa siku moja, na kwa hiyo anapokuja, anakuja kwa sababu anataka. Alama za bao zimo ndani ya mchezo na hufa pamoja nao. Hatari huanza pale alama zinapotoka nje ya mchezo, zikawekwa akiba, zikahesabiwa kila siku na kumdai mtu arudi.

Serikali kadhaa zimekwisha kuingilia kati. Mwaka 2018 Ubelgiji iliamua kwamba visanduku vya bahati vinavyouzwa ndani ya baadhi ya michezo ya video ni kamari isiyoruhusiwa. Mwaka 2021 China iliamuru kwamba vijana walio chini ya miaka 18 wasicheze michezo ya intaneti ila saa moja ya jioni siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Hatua hizo zinalinda mfuko wa mzazi na muda wa mtoto, na si vibaya zikafikiriwa. Lakini sheria haiwezi kumrudishia mtu furaha. Kazi hiyo imebaki kwa wale wanaokaa naye.

Kwa hiyo nasema kwamba tunapomwona kijana ameuchoka mchezo wake, tusikimbilie kushangilia. Huenda amekua kweli. Lakini huenda pia amejifunza, bila yeye mwenyewe kujua, kwamba jambo lisilo na malipo halina maana. Akija darasani na fikra hiyo, swali lake la kwanza litakuwa iwapo somo hili limo katika mtihani. Na sisi tukimjibu kwa kumwahidi zawadi kwa kila kitabu atakachosoma, hali alikuwa akisoma kwa kupenda, tutakuwa tunaikamilisha kazi iliyoanzwa na makampuni yale. Mtoto asiyependa kusoma kabisa huenda akahitaji kuvutwa kwa zawadi, hilo silikatai. Lakini anayependa aachwe apende. Apewe vitabu, apewe nafasi, na akifanya vizuri aambiwe hivyo.

Ofisini nako mambo ni hayohayo. Mtumishi lazima alipwe mshahara unaomtosha; raha ya kazi hailipi kodi ya nyumba, na asidanganyike mtu kwa maneno haya akapunjwa haki yake. Lakini mkuu wa idara anayeipima kazi yote kwa idadi ya fomu zilizojazwa asishangae siku moja akikuta fomu zimejaa na wananchi bado wamepanga foleni. Watumishi wake watakuwa wamegeuka wachezaji wa kusaga: wamefika kwa wakati, wametimiza idadi ya siku, na hakuna hata mmoja anayekumbuka kwa nini aliichagua kazi hiyo.

Tumezoea kumwuliza mtoto amecheza saa ngapi. Tumwulize pia: kama hakuna anayehesabu, ungecheza? Jibu lake litamsaidia mzazi kujua ni mchezo gani wa kuacha simuni na ni upi wa kufuta. Kisha kila mmoja wetu, mwalimu au mtumishi, ajiulize swali hilohilo juu ya kazi anayowapa walio chini yake.