Motokari ya Kale: Itazameni Kwanza Mifupa Yake



Baba mmoja wa familia, mwalimu kama sisi, ametuandikia barua ndefu. Asema kwamba nyuma ya ghala moja la kahawa, karibu na mji anamokaa, imesimama Land Rover ya zamani, ile ndefu ya inchi 109, nayo imepakwa rangi mpya ya kijani. Mwenyewe anataka dola 2,500. Baba huyu na mkewe wanazo dola 2,800, walizoziweka kidogo kidogo kwa muda wa miaka minne. Angependa kubeba mihogo na mafuta ya mawese kutoka vijijini siku za soko. Mkewe hataki hata kusikia; asema kitu kilichozeeka hivyo ni cha kutupwa. Basi mume atuuliza: je, anunue?

Twamjibu hapa mbele ya wote, kwa maana twajua kwamba si yeye peke yake mwenye shauri la namna hiyo. Na tuseme wazi tangu mwanzo: katika mabishano hayo sisi tuko upande wa mama, ila si kwa sababu ile aisemayo. Uzee wa motokari hiyo si kosa. Kosa ni zile dola 300 zitakazobaki mkononi.

Fikirini jinsi ilivyoundwa. Baada ya vita iliyokwisha mwaka 1945, chuma cha pua kilikuwa haba katika Uingereza. Maurice Wilks, mkubwa wa mafundi wa kampuni ya Rover, alikuwa na Jeep ya askari katika shamba lake huko Anglesey, akaona yafaa kuunda motokari ya namna hiyo kwa ajili ya wakulima. Kwa kuwa mabati ya chuma hayakupatikana kwa wingi, mwili wake uliundwa kwa alumini, na ulifungwa kwa bulti, hata mtu mwenye spana na subira aweza kuufungua kipande kwa kipande. Ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Aina ya kwanza iliendelea mpaka 1958, ya pili mpaka 1961, ile iitwayo IIA mpaka 1971, na ya tatu mpaka 1985. Wabelgiji nao walikuwa na yao: kiwanda cha Minerva, mjini Antwerpen, kilianza mwaka 1952 kuziunda kwa ruhusa ya Waingereza, kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji. Lakini hizo zilikuwa na mwili wa chuma, na mabawa yake ya mbele yameinama kama paa la nyumba. Mkitaka kuzitofautisha, chukueni sumaku ndogo. Ikishika kwenye bawa, huenda ni Minerva. Isiposhika, ni alumini.

Sasa ndipo penye mtego. Alumini haili kutu kama chuma, kwa hiyo motokari iliyolala mvuani miaka ishirini yaweza kuonekana nzima kabisa. Mpake rangi, mwoshe vioo, na mnunuzi ataona bibi arusi. Lakini chini ya mwili huo imo shasi, yaani mifupa inayobeba kila kitu, nayo ni ya chuma. Tena imeundwa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Maji na matope huingia humo, hayatoki, na kutu hula kutoka ndani kuja nje. Siku mtakapoiona kutu kwa nje, ndani kazi imekwisha.

Kwa hiyo, Baba, usiitazame rangi. Lala chini ya motokari, mgongo juu ya gunia, ukiwa na nyundo ndogo. Gonga shasi yote, tangu mbele hata nyuma, polepole, kama daktari anavyogonga kifua. Chuma kizima hulia kama kengele. Kilichooza husema kama debe lililojaa mchanga. Gonga zaidi ule mti wa chuma ulioko nyuma kabisa, na mikono inayotoka ubavuni kushika mwili, na pale springi zinapofungwa. Kisha pitisha sumaku. Mahali isiposhika wametia mastiki na kupaka juu. Ukikuta shasi nzima imepakwa lami mpya nyeusi, uwe na shaka maradufu. Mtu hajisumbui kupaka lami chini ya motokari anayoiuza, ila ana jambo la kuficha. Halafu inua mikeka ya miguuni, utazame ule ukuta wa chuma ulioko kati ya injini na miguu ya dereva. Huo nao huoza, hasa pale miguu inapokaa na pale milango inaposhikwa.

Shasi ikiwa imeoza mahali pamoja au pawili, fundi mwenye mkono mzuri ataichomelea. Ikiwa imeoza kila mahali, nenda zako nyumbani. Viko viwanda katika Uingereza vinavyounda hata leo shasi mpya zilizozamishwa katika zinki, lakini bei yake ni ya watu wa huko, na safari ya kuileta mpaka kwetu ingemeza akiba ya familia nyingine mbili.

Injini yenyewe haitutishi sana. Ile ya petroli ya sentimeta 2,286 za ujazo, iliyotumika tangu 1958, ni ngumu na ya kuvumilia. Fika asubuhi bila kutoa habari, uishike kwa mkono kabla haijawashwa. Ikiwa ina joto, jua kwamba wameiamsha mapema ili iwake kwa urahisi mbele yako. Moshi wa buluu waonyesha kwamba inachoma oili; moshi mweupe usiokoma waonyesha kwamba maji yanaingia pasipo pake. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta kitu kama maziwa, maji na oili vimekutana. Mavujo madogo ya oili chini yake usiyahesabu. Land Rover ya kale isiyovuja yawezekana haina oili ndani.

Hapa yatubidi tueleze aibu yetu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, sisi na walimu wenzetu wawili tulitoa dola 600 kila mtu, tukanunua Land Rover fupi ya inchi 88 kwa dola 1,500. Muuzaji aliiendesha mbele yetu, akapanda kilima na kushuka, tukapiga makofi. Hatukuona kwamba kile kifundo cha manjano kilichoko karibu na gia kilikuwa kimeshindiliwa chini. Kumbe kifundo hicho ndicho kinachotia nguvu katika magurudumu ya mbele. Mmoja wa vyuma viwili vinavyotoka katika difu ya nyuma kwenda kwenye magurudumu ulikuwa umekatika, maana ndio udhaifu wa motokari hizo, na ile fupi ilikuwa inavutwa na magurudumu ya mbele peke yake.

Juma la pili tuliiegesha juu ya kilima, karibu na soko. Tulivuta breki ya mkono, tukashuka. Mmoja wetu, akitaka kujifunza, alirudi kuuchezea ule mtaimbo mwekundu, akaurudisha nyuma, kisha mbele, na kifundo cha manjano kikaruka juu kama kinavyopaswa kufanya. Ndipo motokari ikaanza kwenda. Wasomaji, breki ya mkono ya Land Rover hiyo haishiki magurudumu. Inashika mhimili unaotoka kwenye sanduku la gia kwenda nyuma. Ikiwa chuma cha nyuma kimekatika, nayo magurudumu ya mbele yamefunguliwa, breki yashika hewa tu. Mwenzetu alirukia breki ya mguu, akakuta kanyagio laenda mpaka chini, kwa sababu mpira mmoja wa breki ulikuwa umepasuka, na katika Land Rover nyingi za kale mfereji wa mafuta ya breki ni mmoja kwa magurudumu yote manne. Kukatika pamoja ni kukatika pote. Watoto watatu walikuwa wamekaa ukingoni mwa njia wakila miwa. Mama mmoja alipiga kelele, wakatawanyika. Motokari iliingia katika migomba, ikasimama.

Hakuna aliyeumia. Lakini tangu siku hiyo twajua jambo la kwanza la kutengeneza ni lipi. Mtu anayekaa nchi ya tambarare aweza kuanza na injini akitaka. Yeye atakayeshuka Ngomo kwenda Kamanyola na mizigo ya watu, aanze na breki: mipira yote mipya, silinda mpya, mabomba yaliyoliwa na kutu yatolewe. Na vumbi la breki za kale lisipulizwe kwa kinywa wala kwa pampu, kwa maana viatu vya breki vya zamani vilikuwa na asibesto, inayodhuru mapafu; yafutwe kwa kitambaa chenye maji. Baada ya breki, usukani na springi. Kisha shasi. Kabla ya kuchomelea, tangi la mafuta, ambalo kwa kawaida liko chini ya kiti, litolewe na kupelekwa mbali, na waya wa betri ufunguliwe. Mtu asiingie chini ya motokari iliyoinuliwa kwa jeki peke yake. Itegemezwe kwa magogo manene. Ninyi vijana wa shule mnaopenda kumsaidia fundi, maneno haya twayasema hasa kwa ajili yenu.

Rangi ije mwisho wa yote. Wengine huanza nayo kwa sababu yapendeza macho na gharama yake ni ndogo, kisha fundi huja na moto wake kuichoma.

Turudi kwenye fedha. Ile yetu ya dola 1,500 ilitumeza dola 1,900 nyingine katika muda wa miezi kumi na minne. Tuliandika kila senti katika daftari, lakini tulianza daftari hilo baada ya kununua, na hapo lilikuwa kitabu cha masikitiko tu. Mtoto wa mmoja wetu alikaa nyumbani muhula mzima, kwa kuwa karo yake ilikuwa imegeuka kuwa silinda na springi. Baba yake bado huona haya kulitaja jambo hilo. Kwa hiyo hesabu yetu leo ni hii: nusu ya fedha kwa kununua, nusu kwa kutengeneza, na karo haimo katika nusu yoyote. Mwenye dola 2,800 atafute motokari ya dola 1,400, iliyo kamili, hata ikiwa haina uzuri. Iliyofunguliwa na kuwekwa katika masanduku ni ya bei ndogo, lakini daima kimekosekana kitu, na kitu hicho ndicho kigumu kupatikana.

Wengine watasema: kwa nini msimshauri anunue Toyota? Neno lao ni la kweli. Land Cruiser ya zamani, ile ya kundi la 40 iliyoundwa tangu 1960 hata 1984, ina nguvu sana, na vipuri, yaani piesi kama tusemavyo sokoni, vya Toyota hupatikana kwa urahisi kuliko vya Land Rover. Ila mwili wake ni wa chuma, nao huoza pamoja na shasi. Tena wenye nazo wamekwisha kujua thamani yake, maana watu wa Ulaya na Marekani wanazitafuta kama mapambo. Akiipata kwa bei nzuri, ainunue. Hatutakasirika.

Basi, Mwalimu mwenzetu, fanya hivi. Nenda huko ghalani asubuhi, pamoja na fundi asiye rafiki ya muuzaji, na umlipe fundi huyo siku yake. Chukua nyundo, sumaku na gunia la kulalia. Fedha ziache nyumbani kwa mkeo. Linganisha namba iliyopigwa kwenye shasi na ile iliyoandikwa katika karatasi; zikitofautiana, usiulize zaidi. Iendeshe kifundo cha manjano kikiwa juu, uone kama magurudumu ya nyuma yanaivuta. Isimamishe mlimani, weka jiwe mbali kidogo na gurudumu, vuta breki ya mkono, uone kama itashika au itashuka mpaka kwenye jiwe. Ikiwa ni ya aina ya tatu, difu ya nyuma ya ile ndefu ina nguvu zaidi kuliko yetu ilivyokuwa, na hilo ni jambo la kukutia moyo. Ukiona shasi ni nzima, mwambie dola 1,400, naye akikataa, mwachie jina lako na urudi nyumbani. Motokari iliyokaa miaka mingi nyuma ya ghala haitaondoka kesho. Na safari hiyo mchukue mama pia, ashike taa wakati wewe unapogonga.