Meli kuukuu ilipangiwa maisha ya pili, mchuna chai je?

Ukiwa Kericho au Bomet, bahari pengine umeiona kwa simu tu. Lakini majani yanayochunwa hapo kwenu huishia Mombasa, mnadani kisha bandarini. Leo tufuate njia hiyo hiyo, halafu tushuke chini ya maji. Huko kuna jambo linalohusu kazi yako.

Katika pwani ya kaskazini ya Mombasa kuna meli inaitwa MV Dania. Zamani ilibeba mifugo. Ilipozeeka ilizamishwa makusudi, mwaka 2002. Sasa imelala kama mita 30 chini, samaki wamehamia humo, na watu wanalipa doo kupiga mbizi ili waitazame tu.

Usidhani kazi ni kutoboa tundu na kuiachilia. Meli ya kuzamishwa kwa mpango husafishwa kwanza. Mafuta hutolewa, nyaya zinazoweza kumnasa mtu huondolewa, milango hung'olewa na matundu hukatwa ili mpiga mbizi aone njia ya kutokea. Hata mahali pa kuilaza huchaguliwa: pasiwe juu ya matumbawe hai, wala kwenye njia ya meli nyingine. Ndipo viumbe hushika chuma, samaki wadogo wakapata maficho, na wakubwa wakafuata chakula.

Wasiopanga walijionea. Huko Florida, Marekani, miaka ya 1970, matairi yanayokadiriwa kufika milioni 2 yalitupwa baharini, eti yatakuwa mwamba bandia. Vifungo vikakatika, matairi yakaanza kuzurura na kugonga matumbawe ya asili. Miongo kadhaa baadaye, wapiga mbizi wa jeshi walipelekwa kuyatoa. Nia ilikuwa ile ile ya kuwapa samaki makao. Kilichokosekana ni maandalizi.

Sasa turudi kwetu. Mei 2023, mashine za kuchuna chai zilichomwa Kericho. Kikosi kazi cha kaunti kilikadiria kwamba mashine zilikuwa zimemeza ajira 30,000 katika miaka kumi. Kampuni nazo zina hoja yao: kuchuna kwa mkono ni gharama, na bei ya chai mnadani haina huruma. Mimi sipingi mashine, na kuzichoma hakumrudishi mtu kazini. Ninachouliza ni hiki: kabla mchuna chai hajaondolewa shambani, nani alimkatia tundu la kutokea?

Wengi wao hukaa kwenye nyumba za kampuni. Kazi ikiisha, nyumba nayo inaenda, na shule ya watoto inayumba. Hiyo ni kumtupa mtu kama tairi, halafu tunashangaa akianza kugonga kila kitu.

Na usiniambie haiwezekani. Mkwiro, kisiwani Wasini huko Kwale, vijana wa kijiji wamefundishwa kupiga mbizi na sasa wanapandikiza matumbawe kwenye miamba bandia. Ujuzi huo si wa Pwani peke yake. Mwaka 2019, gari lilipotumbukia kutoka feri ya Likoni likiwa na mama na bintiye, ilichukua karibu wiki 2 kuliopoa. Hata bara, mtu akizama bwawani au mtoni, familia hukaa ukingoni ikisubiri wapiga mbizi watoke mbali.

Sikwambii ubebe begi kesho uende Mombasa. Mafunzo ya kupiga mbizi ni ghali, vifaa ni ghali zaidi, na wengi wetu hata kuogelea hatujui. Ndiyo maana hili haliwezi kuachiwa kijana mwenyewe na mfuko wake mtupu.

Kwa hivyo, mheshimiwa wa wadi yako au mtu wa chama cha wafanyakazi akija kuongea juu ya mashine, usimwachie hotuba. Muulize: mafunzo yanaanza kabla mashine haijafika, au baada? Anayefunzwa atakula nini wakati huo, na atalala wapi? Mwishoni kuna kazi gani, na ya nani? Akikujibu kwamba vijana wajiajiri, mweleze habari za MV Dania. Hata chuma kuukuu kilitafutiwa pa kukaa kabla ya kuzamishwa.