Saigon kwa Nusu Siku

Mtalii afikaye Mji wa Ho Chi Minh, ambao hadi mwaka 1976 uliitwa Saigon, huuziwa matembezi ya nusu siku. Aghalabu huanzia kanisa la Notre-Dame, lililokamilika mwaka 1880, akaelezwa kwa fahari kwamba matofali yake yalitoka Marseille. Ng'ambo ya barabara ni Posta Kuu. Hapo huambiwa kwamba aliyeichora ni Gustave Eiffel. Uongo mtupu! Aliyeichora ni Alfred Foulhoux. Na hata angekuwa Eiffel, je, ndiye aliyebeba mawe juani? Swali hilo halimo katika ratiba.

Saa zikiwa zimekwisha kuliwa, hutupiwa macho Ikulu ya zamani, ambayo lango lake lilivunjwa na vifaru vya ukombozi tarehe 30 Aprili 1975. Makumbusho ya vita huachiwa dakika za mwisho. Yalipofunguliwa mwaka huo huo, jina lake lilitaja waziwazi uhalifu wa Marekani na vibaraka wake. Tangu 1995 yanaitwa Makumbusho ya Mabaki ya Vita. Mabaki! Kana kwamba sumu iliyonyunyizwa na ndege za Marekani kati ya 1961 na 1971 ni vumbi la kufagiwa.

Nchi iliyopigwa mabomu kiasi kile inahitaji fedha za kigeni; hilo hatulibishi. Lakini mwalimu yeyote anajua kwamba kinachofundishwa wanafunzi wakiwa wamechoka hakikai. Basi makumbusho yatangulie, tena yapewe asubuhi nzima. Posta itakuwa wazi hata alasiri, kwa mwenye haja ya stempu.