Riwaya zetu na Sinema

Wasomaji wetu wa makamo wanaikumbuka Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya kitabu alichokitoa Mwingereza Rider Haggard mwaka 1885. Humo Sir Henry anamtafuta nduguye aliyepotea, na Umbopa anarejea kwao kuudai ufalme wake. Watengenezaji wa filamu ya mwaka 1950 walimwondoa huyo ndugu, wakamtia mwanamke wa Kizungu anayemtafuta mumewe. Wale wa mwaka 1985 walikiuka mipaka kabisa: waliwatumbukiza wahusika wao katika chungu kikubwa ili wapikwe na kuliwa na Waafrika. Kisa hicho hakimo kitabuni. Kitabu chenyewe hakikututendea haki sana, lakini filamu ilikizidi kwa dhihaka, nasi tunaihesabu miongoni mwa zilizo mbovu kupita zote.

Kwa upande wa pili ipo Vuta N'kuvute, riwaya ya mwenzetu Adam Shafi ya mwaka 1999, ambayo Amil Shivji aliigeuza filamu mwaka 2021. Yasmin anamkimbia mume mzee aliyeozwa, anakutana na Denge, mpinzani wa ukoloni, na yote yanasemwa kwa Kiswahili katika vichochoro vya Mji Mkongwe. Wapo wanaolalamika kwamba mengi ya kitabuni yameachwa. Ni kweli, lakini kilichoachwa hakikubadilisha waliodhulumiwa wala waliodhulumu, na hicho ndicho kipimo chetu.

Filamu hiyo ilioneshwa Toronto mwaka 2021, na mwaka 2022 Tanzania iliipeleka kushindania tuzo ya Oscar. Je, mkaazi wa Micheweni au Makunduchi ataiona wapi? Majestic, Empire na Cine Afrique, zilizokuwa zikijaa watu mjini Unguja, zilifungwa moja baada ya nyingine. Wazee wanalikumbuka gari la sinema lililokuwa likizunguka mashamba. Tunaishauri Wizara inayohusika ilirejeshe, lianzie Pemba, na filamu ya kwanza iwe hiyo.

Aidha, ipo Kuli, riwaya nyingine ya mwandishi huyo huyo, yenye habari za mgomo wa wachukuzi wa bandarini wa mwaka 1948. Atakapotokea kijana wa kuitengenezea filamu, tunawaomba wakubwa wa ofisi zetu wasimzungushe mwaka mzima kwa kibali cha kupigia picha gatini.