Binti Mpole Huyu, Tumwangalie Tena
Ilani ya wazazi wa Karatu na Ngorongoro

Sisi wazazi, bibi na walezi wa mabinti wenye usonji, kuanzia Rhotia, Mang'ola na Endabash hadi Endulen na Nainokanoka, leo tunaanzisha vuguvugu letu.

Tunaanza na binti ambaye kila mmoja wetu anamjua. Ana miaka minne. Amekaa mlangoni akipanga vizibo vya soda, vyekundu na vyekundu; ukisogeza kimoja analia mpaka kirudi. Ukimwita haitiki. Mashine ya kusaga ikiwashwa anaziba masikio. Siku ya mnada mama yake huzunguka njia ya nyuma kukwepa vipaza sauti. Wageni wakifika husema: "Mama nanii, una bahati, binti mpole huyu."

Hapo ndipo tulipopotezea miaka. Mvulana asiyesema hupelekwa hospitali. Msichana asiyesema husifiwa adabu. Tukienda zahanati tunaambiwa: nyumbani mnaongea Kiiraqw, nyie mnaongea Kimaasai, Kiswahili kitakuja tu. Wala si kwetu peke yetu. Daktari Leo Kanner alipoueleza usonji mwaka 1943, kati ya watoto 11 aliowaandika wasichana walikuwa 3, na kwa muda mrefu dunia ikauhesabu kuwa jambo la wavulana.

Kwa hiyo tunatamka:

1. Usonji si laana, si mapepo, wala si kosa la mama. Ni namna ubongo wa mtoto unavyokua. Hatuuzi tena mbuzi kumtafuta aliyetuloga.

2. Binti hafungiwi ndani. Atakwenda kisimani, kanisani, msikitini na harusini, na akichoka na kelele tutatoka naye bila kuona aibu.

3. Asiyesema ana la kusema. Tutamfundisha kukataa kwa mkono, kwa picha, kwa njia yoyote anayoiweza, maana mtu mwovu huchagua asiyeweza kumtaja.

4. Baba ni mzazi. Kazi hii haitaachiwa mama na bibi.

Hatudai sheria mpya. Sheria ya Mtoto ya 2009 na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 zinatosha zikitekelezwa. Tunadai:

1. Siku ya kliniki mtoto asiishie kupimwa uzito. Mama aulizwe, kwa lugha yake: anaitika jina? Anakuonyesha kitu kwa kidole?

2. Mtaalamu afike Karatu na Wasso kwa ratiba inayojulikana. Kutoka Karatu hadi hospitali ya KCMC, Moshi, ni zaidi ya kilomita 200, na mtoto asiyevumilia muziki wa basi huzihesabu mara mbili.

3. Kila kata iwe na mwalimu wa darasa la awali aliyefundishwa usonji, na darasani pawe na kona tulivu.

4. Ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayotengwa kwa mikopo ya watu wenye ulemavu, iwafikie pia wanaowalea watoto hawa.

Nawe jirani, tunakuomba jambo dogo. Ukimkuta mlangoni, usimsifu upole. Keti chini, weka kizibo chekundu karibu na vyake, kisha subiri.