Sehemu ya 4: Kabla ya kumwita mama mzembe, kagua faili lako

Mama zangu, na nyie akina baba mnaosoma kimyakimya, karibuni tena. Leo nawasema wahudumu wenzangu, na mimi nimo.

Kuna neno tunalipenda sana kliniki: "Mama mzembe." Mtoto kapitiliza chanjo ya surua ya miezi 9? Mama mzembe. Siku moja mama katoka kisiwani kwa mtumbwi, kashuka mwaloni, kapanda boda, kafika na mtoto wa miezi 11. Akasemwa mbele ya foleni nzima. Akajibu taratibu: "Nesi, si mlisema mtanipigia?"

Kweli tulisema. Kituo kilikuwa na jedwali la Excel. Ukiandika tarehe ya chanjo inayofuata, makro inaamka yenyewe na kuweka jina la mtoto kwenye orodha ya kupigiwa simu. Orodha ikawa tupu wiki kadhaa. Tukafurahi, tukadhani watoto wote wamekuja! Kumbe makro imelala.

Sababu za makro kulala si uchawi. Nazitaja hapa, maana hata nyie wa vikoba mnatunza hesabu kwa Excel:

1. Faili limehifadhiwa kama .xlsx. Hapo makro zinaondoka. Linatakiwa .xlsm.
2. Faili limetoka mtandaoni. Tangu 2022 Microsoft inazuia makro za mafaili hayo. Ondoa zuio pale tu unapomjua aliyekutumia.
3. Msimbo uko kwenye moduli ya kawaida. Worksheet_Change inakaa kwenye moduli ya karatasi yake yenyewe.
4. Makro ilikwama katikati ikaacha EnableEvents imezimwa. Funga Excel yote, fungua upya.
5. Hii ndiyo iliyotuumiza sisi: mtu aliweka fomula ikokotoe ile tarehe badala ya kuiandika. Worksheet_Change haiamki jibu la fomula linapobadilika. Makro ielekezwe kwenye seli mnayoiandika wenyewe, mfano tarehe ya kuzaliwa, au mtumie Worksheet_Calculate.

Kosa la namna hii halipigi kelele. Orodha tupu inafanana kabisa na kazi iliyokamilika. Kwa hiyo wenzangu, kila Jumatatu ingizeni mtoto wa majaribio. Jina lisipotokea, fungueni rejesta ya karatasi mpige simu.

Mtaniambia, "Nesi, tupo wachache na kompyuta ni moja." Najua, nipo humo humo. Lakini uchache wetu haujamfanya yule mama awe mzembe. Yeye alitimiza ahadi yake. Sisi ndio hatukupiga.

Na wewe mama, usimwachie mtoto wako kompyuta. Wiki 6, wiki 10, wiki 14, miezi 9, miezi 18. Mtoto aliyezaliwa Jumanne, wiki zake za 6, 10 na 14 zote zinaangukia Jumanne. Weka alama kwenye kalenda ya ukutani leo. Ukichelewa, njoo hivyo hivyo na kadi yako. Dozi alizokwisha kupata hazianzwi upya.

Ukisemwa, uliza kwa heshima: "Nesi, mmekagua faili?"

Mtumie mama mwenzio. Tukutane sehemu ya 5.